Nyama za "laiti" za kwenye paketi: zimepunguzwa nini hasa?

#1 Baba Kurwa
Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu (miaka 68) amehamia kwangu Tabata tangu mwezi wa pili. Presha anayo siku nyingi. Kliniki wakamwambia apunguze mafuta na chumvi. Sasa mzee ni mtu wa chai ya asubuhi na soseji mbili za ng'ombe, na hapo hakuna wa kumtoa. Mke wangu akaja na wazo: tuhamie slaisi za kuku, zile zilizoandikwa "light" na "97% haina mafuta". Bei iko juu kidogo, ila ni mzazi, tukanunua.

Miezi mitatu sasa. Kilo zimeshuka mbili. Presha iko palepale, wiki jana ilisoma 158 kwa 96. Jana usiku nikakaa mezani na paketi mbili, ya zamani na ya sasa, nikanakili nyuma:

Soseji ya ng'ombe, kila gramu 100: kalori 266, mafuta g 22, protini g 12, wanga g 5, sodiamu mg 880.

Slaisi za kuku "light", kila gramu 100: kalori 99, mafuta g 3, protini g 13, wanga g 5, sodiamu mg 920.

Mafuta yameondoka, sikatai. Lakini msimamo wangu ni kwamba tunauziwa maji ya chumvi yenye harufu ya kuku. Anayebisha aje na hoja.

#2 Dakika Tisini
Natia nanga hapa. Ngoja waje wataalamu.

#3 Binti Mkunazini
"Laiti" kwa Kiswahili ni neno la majuto. Laiti ningalijua. Kampuni imekwambia mapema, wewe ndo hujasoma 😂

#4 Kalamu Nyekundu
Baba Kurwa uko sahihi na hesabu inakuunga mkono. Jumlisha: mafuta 3, protini 13, wanga 5, weka chumvi na makorokoro mengine 3. Jumla 24. Gramu 76 zilizobaki ni nini? Maji. Robo tatu ya paketi unalipia bomba la DAWASA.

Na hiyo "97% haina mafuta" maana yake nguvu inayotoka kwenye mafuta ni 3% tu, kwa hiyo hapo hawajadanganya.

#5 Dakika Tisini
Mbona sodiamu yenyewe ni mg 920, haifiki hata gramu moja? WHO wanaruhusu gramu 5 za chumvi kwa siku. Mzee anaweza kula paketi nzima akabakiwa na chenji.

#6 Lishe Mwanza
Wakuu, #4 na #5 mmeteleza sehemu mbili, naomba nisawazishe kabla uzi haujaenda mbali.

Sodiamu siyo chumvi. Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi, hivyo ukitaka chumvi zidisha mara 2.5. Mg 920 za sodiamu ni chumvi gramu 2.3. Zile gramu 5 za WHO ni za chumvi, sawa na sodiamu mg 2,000. Maana yake gramu 100 za hizo slaisi zinamaliza karibu nusu ya siku nzima, kabla mzee hajagusa mkate wala mchuzi.

La pili, "97% haina mafuta" inahesabu uzito. Gramu 3 za mafuta zinatoa kalori 27, kwa sababu kila gramu ya mafuta ni kalori 9. Gawa 27 kwa 99. Ni kama 27%, siyo 3%. Hawajadanganya, ila wamechagua kipimo kinachowapendeza. Ukiongeza maji kwenye chakula chochote asilimia ya mafuta kwa uzito inashuka yenyewe.

Baba Kurwa, anakula slaisi ngapi?

#7 Kalamu Nyekundu
Nimepokea hilo la 27%. La maji sirudi nyuma.

#8 Fundi Kiwanda
La maji utarudi tu mkuu. Kifua cha kuku kibichi, hujakigusa, kina maji kama robo tatu ya uzito wake. Mungu ndiye aliyeyatia. Kusema "76 ni maji" hakuthibitishi wizi.

Ukitaka kujua wamechezea kiasi gani usiangalie maji, angalia protini. Kifua kibichi kina protini gramu 22 hivi kwa 100. Hapo paketi inasema 13. 13 kwa 22 ni kama 0.6. Kwa hiyo humo kuna nyama ya kama gramu 60, zilizobaki ni maji ya kuongezwa, wanga na viungo. Na hapo nimewapendelea, maana wengine sehemu ya hiyo protini inatoka kwenye soya. Soma orodha ya viambato: kinachotangulia ndicho kizito zaidi. Ukiona "kuku, maji, wanga..." maji ni namba mbili, ndivyo hivyo.

Nimekaa kiwanda cha nyama miaka minne, sitakitaja, wala msiniulize PM. Ngoja niwaeleze kwa nini mafuta ni rahisi kutoa na chumvi ni ngumu.

Soseji au slaisi ya kusagwa ni ujenzi. Nyama inaingia kwenye bakuli la visu linalozunguka kwa kasi, inatiwa chumvi kwanza. Hiyo chumvi kazi yake ya kwanza siyo ladha. Inayeyusha protini za nyama zinakuwa kama uji unaonata, na huo mnato ndio unashika maji na mafuta yasitengane ukipika. Barafu inatiwa ili joto lisipande, likipanda mafuta yanayeyuka na mchanganyiko unakatika, mzigo wote unaharibika. Sasa ukitoa mafuta umeacha tundu. Tundu linajazwa na maji. Maji yanataka kushikwa zaidi, kwa hiyo unahitaji chumvi ileile, fosfeti (kwenye orodha ya viambato ni namba E450 mpaka E452), wanga, na wengine karajinani (E407) ya mwani. Ukipunguza chumvi hapo unapata slaisi inayolia maji ndani ya paketi, mteja anairudisha.

Ndiyo maana ya 880 na 920. Hawakuongeza kwa ubaya. Bila hiyo chumvi slaisi haishikamani.

#9 Binti Mkunazini
Fundi umeeleza mpaka nimesikia njaa, na hiyo ni dhambi.

#10 Mama Pacha Mikocheni
Mie naona sababu ni nyingine. Mafuta ndo yanabeba ladha. Ukiyatoa nyama inakuwa kama karatasi, kwa hiyo wanafidia na chumvi ili ulimi usistuke. Hata nyumbani ukipika mboga bila mafuta mkono unaenda kwenye chumvi wenyewe. Maelezo ya kiwanda sawa, lakini mpishi yeyote anajua hili.

#11 Fundi Kiwanda
Sikatai mama. Vyote vinakwenda pamoja. Ila nakuhakikishia mtu wa kiwandani anaanza kuogopa maji kabla ya ladha.

#12 Mbeba Boksi Minnesota
Salamu kutoka kwenye baridi. Huku bata mzinga wa slaisi ndo chakula cha mchana cha kila mbeba boksi, vipande viwili vya mkate, kazi inaendelea. Nimeangalia paketi niliyonayo: kipimo chao ni gramu 56, slaisi tatu au nne hivi, kalori 60, mafuta gramu 1, protini 10, sodiamu mg 490. Ukiipandisha mpaka gramu 100 ni mg 875. Tabata na Minnesota tunakula chumvi moja.

Angalieni ujanja wa kipimo. Gramu 56 nani anakula? Mimi naweka slaisi nane, nikiona tatu najua nimemaliza hela.

Huku neno "light" lina sheria. Chakula ambacho nusu au zaidi ya kalori zake zinatoka kwenye mafuta lazima mafuta yapungue nusu kuliko cha kawaida. Vingine ama kalori zipungue theluthi ama mafuta nusu. Ulaya wao wanadai pungufu 30%. Lakini "light" inahusu hicho kimoja walichokitaja. Chumvi haimo mpaka waseme chumvi.

#13 Jamaa wa Roysambu
Niaje wadau wa Bongo. Nyinyi mnahesabu slaisi kwa gramu, sisi Nairobi tunakula smocha. Kwa wasiojua: chapati, ndani smokie (soseji ya moshi), kachumbari juu, tomato sauce, mtu anaenda class. Smokie yenyewe ina chumvi, chapati ina chumvi, kachumbari imenyunyiziwa chumvi, na mwenye trolley anakuuliza "pilipili na chumvi?" Unasema ndio. Hiyo BP ya Baba Kurwa ni ya watoto.

#14 Dakika Tisini
😂😂 Jirani karibu. Sasa nimeelewa kwa nini mnakimbia marathoni, mnakimbia smokie.

#15 Baba Kurwa
@Lishe Mwanza samahani, nilikuwa kazini. Nimemuuliza mama watoto. Paketi ina slaisi 14, gramu 200. Mzee anakula sita asubuhi. Zamani alikuwa anakula soseji mbili, nimepima iliyobaki kwenye friza: gramu 45 moja.

#16 Lishe Mwanza
Haya twende taratibu.

Zamani: soseji 2 × g 45 = g 90. Sodiamu mg 792. Mafuta karibu g 20. Kalori 239.
Sasa: slaisi 6, kila moja g 14 na kitu, tuseme g 84 hadi 86. Tuchukue 84. Sodiamu mg 773. Mafuta g 2.5. Kalori 83.

Yaani mafuta yameshuka mara nane, kalori zimeshuka theluthi mbili, chumvi imebaki vilevile, tofauti ni mg 19 tu. Kilo mbili zilizoondoka zina maelezo. Presha iliyokaa nayo ina maelezo. Slaisi zimefanya kilichoandikwa kwenye paketi, sisi tulizitegemea zifanye na kisichoandikwa.

Kwa kulinganisha: kifua cha kuku kilichookwa nyumbani bila ngozi, gramu 100 zina protini kama g 31 na sodiamu kama mg 74, kabla hujatia chumvi yako. Mayai mawili ya kuchemsha, protini g 12, sodiamu mg 140 hivi. Slaisi sita zimempa mzee protini g 11. Kwa protini hiyohiyo mayai yana chini ya moja ya tano ya sodiamu.

#17 Kalamu Nyekundu
Na mayai kolesteroli?

#18 Lishe Mwanza
Ule ni uzi mwingine, ukifungua nitakuja. Hapa tusihame.

#19 Mchinjaji Vingunguti
Mnahangaika na chumvi, kansa hamuisemi. WHO walishatangaza 2015 kuwa soseji ni sawa na sigara, na 18% ya wanaokula wanapata kansa ya utumbo. Mimi nauza nyama fresh, nyama ya ndoano, na nasema hivi siyo kwa sababu ya biashara.

#20 Binti Mkunazini
"Siyo kwa sababu ya biashara" 😂 haya sheikh, tumekusikia.

#21 Daktari wa Zamu
#19, habari ni ya kweli ila imepinda njiani. Lile shirika la WHO la utafiti wa kansa, IARC, Oktoba 2015 liliweka nyama za kusindikwa Kundi la 1. Kundi la 1 maana yake ushahidi kwamba kitu kinasababisha kansa unatosha. Halipimi ukubwa wa hatari. Sigara imo, nyama ya kusindikwa imo, na haimaanishi vinaua sawa, sigara imeziacha mbali.

Na 18% siyo ya watu. Walisema kila gramu 50 zinazoliwa *kila siku* zinaongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana kwa karibu 18% juu ya ile uliyokuwa nayo. Mtu ambaye hatari yake ni 5 kwa 100 anakwenda karibu 6 kwa 100. Si jambo dogo kwa nchi nzima, lakini siyo watu 18 kati ya 100.

Mzee wa Tabata kwa gramu 84 kila siku yuko juu ya kipimo hicho.

#22 Dakika Tisini
Lakini dokta hiyo si ni ya nyama nyekundu? Kuku ni nyeupe. Ndo maana ya kuhamia kuku.

#23 Daktari wa Zamu
Nyama nyekundu yenyewe waliiweka Kundi la 2A. Nyama ya *kusindikwa* ni mlango mwingine: iliyotiwa chumvi, kukaushwa, kuchachushwa au kufukizwa moshi ili ikae au ipate ladha. Katika maelezo yao nyingi ni ng'ombe na nguruwe, lakini kuku wametajwa kuwa wanaweza kuwemo. Ukweli mwingine ni kwamba ushahidi mwingi umetoka kwa walaji wa nyekundu. Kwa hiyo kuna wenzangu wanaosema slaisi za kuku ni afadhali kwa sababu zina kidogo ile heme, rangi nyekundu yenye chuma ya kwenye nyama na damu, inayotajwa kwenye nadharia mojawapo ya kansa, na kuna wanaosema nitriti ni ileile, moto ni uleule, tusijidanganye. Mimi niko upande wa pili kidogo.

#24 Mama Pacha Mikocheni
Nitriti ndo ile E250?

#25 Fundi Kiwanda
E250 ni nitriti ya sodiamu, E251 nitrati. Ndiyo inayofanya hem iwe ya waridi badala ya kijivu, na inazuia bakteria wa botulizimu, huyo siyo wa kuchezea. Kwa hiyo msiiseme kama sumu iliyotiwa kwa chuki, ina kazi. Shida ni inapokutana na protini kwenye moto mkali, ndipo yanazaliwa yale manitrosamini yanayohusishwa na kansa. Viwanda vinatia vitamini C au E316 kuyapunguza.

Na mkiona ya "asili, haina nitriti" mkaona "unga wa seleri" kwenye viambato, jueni seleri imejaa nitrati. Imeingia kwa mlango wa nyuma.

#26 Mbeba Boksi Minnesota
Fundi umenivunja moyo. Mimi miaka miwili nalipa dola mbili zaidi kwa hiyo ya seleri.

#27 Binti Mkunazini
Laiti ningalijua (namba mbili).

#28 Mjukuu wa Seyyida, Maskati
Huku kwetu slaisi ni mortadela, ya kuku au ya ng'ombe, ina zeituni ndani, watoto wanaipenda vibaya. Kwa vile ni halali watu wanaona imeshakuwa salama kwa kila kitu. Halali ni ya kuchinja, haikupimi presha. Mama yangu yu na figo, dokta alimkataza mortadela kabisa, na hakusema chumvi kwanza, alisema fosfeti. Alimwambia zile za viwandani mwili unazivuta upesi kuliko za kwenye maharage. Hilo sijaona mtu kalitaja humu.

#29 Lishe Mwanza
Umelitaja vizuri dada, nashukuru. Fosfeti za kuongezwa zinafyonzwa karibu zote, za kwenye nafaka na kunde zinafyonzwa kidogo. Na paketi nyingi hazisemi ni kiasi gani, inaandikwa E450 basi.

#30 Jamaa wa Roysambu
Swali: mutura je? Matumbo ya mbuzi, nyama, damu, vitunguu, dhania, inachemshwa kisha inachomwa kwa makaa. Hakuna E yoyote. Hiyo ndio original sausage ya Mwafrika. Niko safe?

#31 Daktari wa Zamu
Nitriti hakuna. Damu ya kutosha ipo, moshi na kuungua vipo. Sijui nikuweke kundi gani bwana.

#32 Jamaa wa Roysambu
Niweke kundi la wenye furaha.

#33 Binti Mkunazini
Na ng'onda wetu je? Papa wa chumvi? Bibi yangu kala papa wa nazi miaka yote, na papa yule anawashinda slaisi kwa chumvi, unamloweka usiku kucha na bado. Mbona kwa soseji mmepandisha makelele, kwa papa kimya?

#34 Mchinjaji Vingunguti
Kwa sababu papa hauzwi na tangazo la familia inacheka mezani.

#35 Daktari wa Zamu
Swali zuri. Ile IARC ina samaki wa chumvi pia Kundi la 1, lakini ni wa mtindo wa Kichina, na kansa yenyewe ni ya nyuma ya pua. Usiibebe moja kwa moja uipeleke Mkunazini. Kwa presha lakini chumvi ni chumvi, haijali imetoka baharini au kiwandani.

#36 Neema wa Makambako
Nisemee upande wa wanawake. Nikiwa na mimba ya miezi mitano nilikuwa nakula slaisi za kuku kila siku, kavu, kutoka kwenye friji, kwa sababu nyama ya ng'ombe ilikuwa inanichefua. Nikajiona mjanja, protini napata, mafuta sipati. Kupimwa wingi wa damu, 9.2, iko chini. Nesi akaniambia kuku, hasa kifua, ana chuma chini ya nusu ya ng'ombe, na hapo slaisi imeshapunguzwa na maji. Kisha akaniuliza kama nazipasha moto. Nikasema hapana. Alinisema mpaka nikalia.

#37 Fundi Kiwanda
Alikuwa na haki. Kuna bakteria anaitwa Listeria, anaota ndani ya friji, baridi inampunguzia mwendo tu. Mnakumbuka mkasa wa soseji nene za Afrika Kusini 2017 na 2018? Poloni. Watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walikufa, wakiwemo vichanga wengi. Machi 2018 ndipo serikali ikatangaza chanzo. Poloni ilishapikwa kiwandani, uchafu uliingia baadaye. Mjamzito apashe mpaka itoe mvuke, au aache.

#38 Kalamu Nyekundu
Sasa ukipasha kwenye kikaango na mafuta si unarudisha yaleyale uliyolipa yatolewe? Baba Kurwa, kwako zinaliwaje?

#39 Baba Kurwa
... zinakaangwa. Mzee anasema za baridi ni za wagonjwa.

#40 Kalamu Nyekundu
Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni gramu 14 hivi, kalori kama 120. Slaisi zote sita ni kalori 83. Kikaango kimeishinda nyama.

#41 Mama Pacha Mikocheni
Na mkate mmeusahau. Mkate wa dukani una chumvi yake, vipande vinne siyo mchezo. Na siagi ya chumvi juu. Mnaisulubu slaisi peke yake wakati meza nzima ina kesi.

#42 Dakika Tisini
Mimi nasema apelekwe TFDA huyo mwenye kiwanda.

#43 Lishe Mwanza
TFDA haipo tangu 2019 mkuu. Dawa na vifaa tiba viko TMDA, chakula kilihamia TBS. Na utamshtaki kwa lipi? Paketi imesema mafuta yamepungua na yamepungua. Sodiamu imeandikwa, ndiyo maana Baba Kurwa ameweza kuinakili.

#44 Dakika Tisini
Kumbe. Basi nimshtaki mzee kwa kula sita.

#45 Daktari wa Zamu
Baba Kurwa swali moja ambalo nilitakiwa niulize mapema. Mzee anatumia dawa gani nyingine? Na dawa za presha anakunywa kila siku au siku akijisikia vibaya?

#46 Baba Kurwa
Nimerudi baada ya siku mbili, samahani. Nilikwenda kukaa naye barazani, nikamwuliza kama mtoto.

Dawa za presha anakunywa "karibu kila siku". Karibu. Ana magoti, na mtu wa duka la dawa huwa anampa diclofenac, anasema zinamsaidia sana, anameza mbili kwa siku tangu mwezi wa tatu. Halafu mke wangu amekuta chini ya kitanda chupa ya achari ya ndimu, nusu imekwisha. Anasema chakula cha nyumbani kwangu hakina ladha.

#47 Mchinjaji Vingunguti
Achari chini ya kitanda 😂😂😂 mzee ni kamanda.

#48 Daktari wa Zamu
Diclofenac na jamii yake hupandisha presha na kuufanya mwili ushike maji na chumvi, na zinaweza kuharibu kazi ya baadhi ya dawa za presha. Asizikate kimyakimya akateseka na magoti, mrudishe kliniki na orodha yote, pamoja na achari. Hapa sasa hata mimi siwezi kukwambia ni slaisi, ni vidonge, ni "karibu kila siku", au ni ndimu.

#49 Kalamu Nyekundu
Ni slaisi. Nakazia.

#50 Mama Pacha Mikocheni
Ni achari. Tena wazi.

#51 Fundi Kiwanda
Ni diclofenac. Nyama yangu iacheni.

#52 Mjukuu wa Seyyida, Maskati
Mzee atafutiwe kazi ndogo ya kufanya, mtu asiye na shughuli anakula kwa uchungu. Mie naona hivyo.

#53 Baba Kurwa
Nawashukuru wote. Kliniki ni Alhamisi. Asubuhi hii nilimchemshia kuku kifua, nikatia tangawizi, pilipili manga na ndimu mbichi, chumvi kidogo sana. Amekula. Kisha akaniuliza hospitali hii inafungwa saa ngapi.

Mke wangu naye ametuma picha kutoka dukani, yuko kaunta anasubiri jibu. Kuna slaisi mpya za bata mzinga zimeandikwa "chumvi pungufu 25%". Nyuma wameandika kloridi ya potasiamu. Anunue?

#54 Lishe Mwanza
Asinunue kwanza. Hiyo potasiamu wametia mahali pa sehemu ya chumvi. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima haina neno, lakini mzee ametumia diclofenac miezi kadhaa na zipo dawa za presha zinazopandisha potasiamu. Figo zipimwe Alhamisi, ndipo tuzungumze.

#55 Kalamu Nyekundu
Na amwulize mwenye duka: pungufu 25% kuliko nini?

#56 Baba Kurwa
Ameuliza. Kaambiwa "kuliko ile nyingine". Ameangalia ile nyingine, ya kampuni hiyohiyo. Sodiamu mg 1,180.

#57 Kalamu Nyekundu
Kwa hiyo hii mpya ni 885.

#58 Binti Mkunazini
Soseji ya ng'ombe ya zamani ilikuwa 880 😂